Bibi akiondoka, mtoto anabaki na nani?

Saa 11 alfajiri foleni ya abiria Mbagala Rangi Tatu imeshaanza kuwa ndefu. Mama anayewahi biashara yake Kariakoo ameshatoka. Baba anayewahi kupokea zamu ya ulinzi Masaki ametoka kabla yake. Huko nyuma, Chamazi, Charambe au Toangoma, mtoto wa miaka minne bado amelala na hakuna mwenye wasiwasi naye. Bibi yupo.

"Bibi yupo" ni maneno mawili tu, lakini familia nyingi za pembezoni mwa Dar es Salaam zinaendeshwa na maneno hayo. Sheria inampa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi. Zikiisha anarudi kazini na kumwacha mtoto ambaye hata kukaa bado. Mama lishe na muuza genge hawana hata hizo 84. Binti aliyepata kazi za ndani Oman anapanda ndege akiwa ameacha watoto wawili Yombo. Mwingine ameachika, amerudi nyumbani Tandale na mtoto mgongoni. Wote hao wanaegemea nguzo moja, na nguzo hiyo mara nyingi ina miaka 60 na ushee, goti linalouma na presha ambayo haijapimwa tangu mwaka juzi.

Kisha siku moja bibi hayupo. Turubai linafungwa, viti vya kukodi vinashushwa, sufuria kubwa zinapandishwa mafigani. Kwa siku tatu nyumba inajaa watu kuliko wakati mwingine wowote. Watu wazima wana kazi zao: wapo wa makaburini, wapo wa jikoni, na yupo mwenye daftari la rambirambi. Mtoto aliyekuwa analala kitanda kimoja na marehemu ndiye pekee asiye na kazi. Anaambiwa akacheze kwa jirani. Akiuliza, anajibiwa kuwa bibi amesafiri.

Huyo mtoto ndiye anayesahaulika katika misiba mingi ya mjini. Watu wazima wanamlilia mama yao, shangazi yao, jirani yao. Yeye amepoteza mtu aliyekuwa anamwogesha.

Bibi wa Kogelo

Jumatatu ya Machi 29, 2021, katika Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, Kenya, alifariki bibi aliyejulikana kuliko bibi wengi wa Afrika Mashariki: Sarah Obama, maarufu kwa jina la Mama Sarah, akiwa na umri wa miaka 99. Kesho yake alizikwa kijijini Kogelo, Siaya, kwa taratibu za Kiislamu. Ulikuwa wakati wa corona, hivyo wazikaji walikuwa wachache kuliko ambavyo wangekuwa wakati mwingine.

Magazeti ya dunia yaliandika kuwa amefariki bibi wa Barack Obama, Rais wa 44 wa Marekani. Ni kweli, ila kwa damu hakuwa bibi yake. Mama Sarah alikuwa mke mdogo wa Hussein Onyango Obama, mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali. Bi mkubwa mwenzake, Akumu, aliondoka kwenye ndoa hiyo akiacha watoto. Aliyewalea ni Sarah, na mmoja wa watoto hao ndiye Barack mkubwa, baba wa rais. Kwa lugha ya uswahilini Mama Sarah alikuwa mama wa kambo, yule ambaye hadithi zetu zinamsema vibaya tangu watoto wakiwa wadogo.

Mama wa kambo huyu hakusoma shule. Alilima, alifuga mbuzi na kuku, na mazao yaliyobaki aliyapeleka gulioni. Kijana aliyemlea akasoma hadi akapata nafasi katika chuo kikuu nchini Marekani. Barack mkubwa alifariki kwa ajali ya gari Nairobi mwaka 1982. Miaka michache baadaye mtoto wake wa Kimarekani, ambaye alikuwa hamfahamu vizuri baba yake, alifika Kogelo kwa mara ya kwanza. Hakujua Kiluo, na bibi hakujua Kiingereza. Dada yake, Auma, ndiye aliyekuwa akitafsiri. Bibi akamsimulia kijana huyo habari za babu yake na baba yake, nani alimzaa nani na nani aligombana na nani, na simulizi hizo zikaja kuwa sehemu kubwa ya kitabu alichochapisha mwaka 1995. Katika salamu zake za rambirambi mwaka 2021, Obama alimtaja kwa jina la nyumbani, Dani, yaani bibi kwa Kiluo, na kusema kuwa simulizi zake ndizo zilizoziba pengo lililokuwa moyoni mwake.

(Kwa wasomaji wa Dar: majirani zetu wa Kenya wengi humwita bibi "nyanya". Mtoto wa Tandika akiambiwa akamsalimie nyanya atakwenda sokoni.)

Umaarufu ulipokuja, Mama Sarah hakuhamia mjini. Aliendelea kukaa Kogelo, akilisha na kusomesha yatima wa eneo lile ambalo Ukimwi uliliumiza sana, na taasisi yenye jina lake ikaanzishwa kuendeleza kazi hiyo. Novemba 2014, akiwa amepita miaka 90, alikwenda New York kupokea tuzo ya Umoja wa Mataifa kwa mchango wake katika elimu. Mwanamke ambaye hakujua kusoma alituzwa kwa kusomesha watoto wa wenzake.

Ukimwondoa rais kwenye habari hii, anabaki bibi ambaye kila mtaa wa Temeke na Kinondoni unaye. Alilea watoto asiowazaa. Alitunza habari za ukoo kichwani bila karatasi. Mlango wake ulikuwa wazi kwa mjukuu aliyekosana na wazazi wake. Tofauti ni kwamba huyu wa Kogelo aliandikwa magazetini, na yule wa Mabwepande atatajwa kwenye tangazo la msikitini au kanisani, basi.

Wahadzabe wanatufundisha nini

Watafiti waliofanya kazi na Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi katika miaka ya 1980, wakiwemo Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, walikutana na jambo ambalo hawakulitarajia. Wanawake wazee, ambao umri wa kuzaa ulikuwa umeshapita, walikuwa wanachimba mizizi kwa saa nyingi, pengine kuliko mabinti zao. Watafiti wakapima uzito wa watoto. Kwa kawaida mtoto alinenepa kadiri mama yake alivyotafuta chakula. Lakini mama alipojifungua tena, uhusiano huo ulikatika. Sasa afya ya mtoto aliyeachishwa ziwa ilifuata jitihada za bibi.

Kutokana na kazi hiyo Hawkes na wenzake walijenga hoja iliyojadiliwa sana duniani: kwamba huenda binadamu wanaishi miaka mingi baada ya kukoma hedhi kwa sababu bibi alisaidia wajukuu kuishi. Wapo wanasayansi wanaoipinga, lakini hakuna anayebisha kuwa bibi wa Eyasi walikuwa wanalisha wajukuu.

Gambia nako, Rebecca Sear na Ruth Mace walichambua kumbukumbu za vijiji vinne zilizokusanywa kati ya mwaka 1950 na 1974. Mtoto mdogo aliyekuwa na bibi mzaa mama hai alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kunusurika. Kuwepo au kutokuwepo kwa baba hakukuleta tofauti ya maana. Akina baba wanaosoma ukurasa huu wasikasirike. Ni vijiji vinne vya zamani, na nafasi ya kurekebisha takwimu bado ipo.

Hapa nyumbani ushahidi mchungu zaidi ulitoka Kagera, mkoa ambako wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mwaka 1983. Kizazi cha kati kilipoondoka, bibi waliozika watoto wao walianza upya kulea wajukuu. Mwaka 2003 mradi wa Kwa Wazee ulianza Nshamba, wilayani Muleba, ukiwapa wazee pensheni ndogo ya fedha taslimu, wengi wao wakiwa bibi wanaolea. Zanzibar ilianza kulipa pensheni jamii Aprili 2016 kwa kila mzee aliyefika miaka 70, ikianzia Sh20,000 kwa mwezi. Tanzania Bara haina mpango wa namna hiyo kwa wazee wote. Bibi wa Mbagala analea kwa alichoacha mtoto wake mezani asubuhi.

Mwambie amekufa

Turudi kwa yule mtoto aliyepelekwa kwa jirani.

Watu wazima humficha mtoto kifo kwa upendo. Wanadhani wanamkinga. Lakini mtoto wa miaka minne anachukua maneno kama yalivyo. Ukimwambia bibi amesafiri, ataanza kuhesabu siku za kurudi, na asiporudi atajiuliza kwa nini bibi hakumuaga, au kama yeye ndiye aliyemkosea. Ukimwambia bibi amelala, usishangae akianza kuogopa kulala, au kumwamsha mama yake kila saa usiku kuhakikisha kuwa anaamka. Ukimwambia Mungu amemchukua kwa sababu alikuwa mtu mwema, unampa sababu ya kuogopa kuwa mwema. Mafundisho ya dini yana nafasi yake na yanafariji. Kinachotakiwa ni kwamba kabla yake mtoto asikie neno lenyewe: bibi amekufa.

Maneno ya kutosha kwa mtoto mdogo ni machache. Bibi alikuwa anaumwa sana. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, hali, haumwi tena. Hatarudi. Sio wewe uliyesababisha. Mimi nipo, na kesho atakayekupeleka shule ni mama mdogo. Hiyo sentensi ya mwisho wazazi wengi huisahau, na kwa mtoto ndiyo kubwa. Anachotaka kujua kwanza ni nani atampa chai kesho.

Jiandae kuulizwa tena. Watoto walio chini ya miaka mitano huona kifo kama jambo linaloweza kugeuzwa. Atalia asubuhi, saa nne atacheza kombolela kama kawaida, jioni atauliza bibi anarudi lini. Hana moyo mgumu, na wala hajasahau. Watoto huomboleza kidogokidogo, wanaingia kwenye huzuni na kutoka. Jibu lile lile, kwa maneno yale yale, bila kuchoka. Kuanzia miaka mitano hadi saba wengi huanza kuelewa kuwa aliyekufa harudi, na hapo maswali hubadilika: huko chini anapumua vipi, na wewe mama utakufa lini? Swali hilo la pili halihitaji uongo. Unaweza kumwambia kuwa watu wote hufa, wengi hufa wakiwa wazee, na wewe unajitunza ili ukae naye muda mrefu.

Mwili wa mtoto nao husema. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza tena. Tumbo linauma kila asubuhi ya shule na zahanati hawaoni ugonjwa. Anang'ang'ania gauni la mama. Mkubwa kidogo anakuwa mkorofi darasani, au anakuwa mpole kupita kiasi na watu wanamsifu kuwa amekomaa. Kumchapa mtoto aliyefiwa kwa sababu amekojoa kitandani ni kumwongezea msiba. Mara nyingi mambo hayo hupungua wiki zinavyokwenda, endapo ratiba ya kula, kulala na shule itarudi mapema na mtu anayemhudumia akawa yule yule.

Yasipopungua, au mtoto akikataa kula, akasema anataka kumfuata bibi, au shule ikamshinda kabisa, usisubiri arobaini ipite. Anzia kituo cha afya kilicho karibu na ueleze wazi kuwa mtoto amefiwa na mlezi, si kwamba anaumwa tumbo. Hospitali za rufaa za mkoa kama Temeke na Mwananyamala zitakuelekeza zaidi, na maofisa ustawi wa jamii wapo kwenye halmashauri kwa kazi hiyo hiyo. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Mpe mtoto kazi

Mila zetu zilishajua kuwa mjukuu ana nafasi yake msibani. Katika makabila mengi wajukuu ni watani wa bibi. Mvulana humwita bibi yake mke, bibi humwita mume wangu, na jirani wala hageuzi shingo. Msibani watani hao ndio walioruhusiwa kuchekesha, kuzuia jeneza lisipite mpaka walipwe, na kuigiza namna marehemu alivyokuwa anatembea na fimbo yake. Ndugu walicheka huku wanalia. Misiba ya mjini, yenye mshereheshaji na ratiba iliyochapwa, imebakiza kidogo sana cha hayo, na ni hasara.

Huhitaji kurudisha utani wote. Mtoto wa miaka mitano anaweza kugawa tende au maji ya kunywa kwa wageni. Anaweza kuchagua picha. Anaweza kwenda makaburini kama anataka na kama kuna mtu mzima ambaye kazi yake siku hiyo ni kumshika mkono tu, hasitaki, asilazimishwe. Nguo za bibi zinapogawanywa baada ya arobaini, mabinti na wakwe wakichukua doti zao, khanga moja aliyokuwa akijitanda nyumbani impatie mjukuu aliyekuwa analala naye. Usiifue kwanza. Harufu ile itaisha yenyewe, na mtoto atakuwa amepata muda wa kuizoea hali.

Jamaika, kisiwa ambacho bibi amelea vizazi kadhaa, wana usiku wa tisa. Baada ya kifo watu hukusanyika, na usiku wa tisa huwa ni wa chakula, nyimbo na hadithi za marehemu hadi alfajiri, watoto wakisikiliza. Kisiwa hicho kinafanana na sisi kwa jambo jingine. Meli ya Empire Windrush ilipofika Uingereza mwaka 1948 na nyingine zikafuata, maelfu ya wazazi walikwenda kutafuta kazi na watoto wakabaki kwa bibi. Baadaye wengine walikwenda Marekani na Kanada, wakawa wanatuma nguo na vyakula ndani ya mapipa, na watoto wao wakaitwa watoto wa mapipa. Kwa wengi wao, bibi alipofariki ilikuwa kama kufiwa na mzazi, wakati mzazi mwenyewe yuko hai ng'ambo na analia kwenye simu. Familia za Dar zenye mama aliye Muscat zinaijua hali hiyo bila kusimuliwa. Kama ni familia yako, mama aliye mbali aongee na mtoto kwa simu siku ile ile ya msiba, na amwambie yeye mwenyewe. Asiachiwe jirani.

Sanduku la bibi

Kuna mambo ya haraka ambayo kilio huyafunika. Kadi ya kliniki ya mtoto iko wapi? Cheti cha kuzaliwa? Katika nyumba nyingi vitu hivyo vipo kwenye mkoba wa bibi, chini ya godoro au ndani ya sanduku pamoja na vitambulisho vyake. Msibani watu wengi huingia chumbani na vitu huhama. Mtu mmoja anayeaminika akusanye karatasi zote siku ya kwanza.

Halafu kuna habari ambazo haziko kwenye karatasi yoyote. Bibi ndiye aliyejua kuwa kaka zake wawili walianguka ghafla wakiwa na miaka 50, na kwamba familia ilisema wamerogwa. Ndiye aliyejua kuwa dada yake alikufa kwa uvimbe wa titi ambao alikuwa akiuficha, na kuwa kuna mtoto wa ukoo aliyekuwa akiumwa viungo na kuishiwa damu tangu utotoni. Kwa daktari hizo ni habari za shinikizo la damu, saratani ya matiti na selimundu, magonjwa ambayo hutembea kwenye familia. Mjukuu anayejua historia hiyo anapima mapema. Asiyejua anasubiri mpaka aanguke.

Na kuna nyumba. Maandishi ya rangi nyekundu yanayosema "Nyumba hii haiuzwi" yamejaa kwenye kuta za jiji hili, na nyuma ya mengi kuna ndugu waliogombana baada ya mama yao kufa. Mtoto aliyekuwa akilelewa na bibi ndiye wa kwanza kuhamishwa wakati wakubwa wanavutana. Wosia unaweza kuandikwa na kuhifadhiwa RITA bibi akiwa hai. Usipokuwepo, kikao cha familia hupendekeza msimamizi wa mirathi na mahakama humthibitisha. Katika kikao hicho hicho, kabla ya kufika kwenye paa na viwanja, ajenda ya kwanza iwe nani anakaa na mtoto na kwa fedha ya nani. Kumzungusha wiki mbili kwa shangazi Boko, wiki mbili kwa mjomba Kijichi, ili kila mtu "asaidie", kunaonekana kama haki kwa wakubwa. Kwa mtoto ni kufiwa mara nne kwa miezi miwili.

Bibi hakuwa malaika

Kumkumbuka mtu vizuri ni pamoja na kukubali alipokosea. Bibi zetu walijua mengi, mengine wakayapata kwa wakati usio na daktari. Wapo waliompa mtoto maji na uji mwepesi akiwa na mwezi mmoja, wakati maziwa ya mama peke yake yanatosha kwa miezi sita ya mwanzo. Wapo waliopeleka mtoto mwenye kikohozi akakatwe kimeo, jambo ambalo limeleta damu nyingi, maambukizi na hata vifo. Walifanya hivyo kwa mapenzi. Mama kijana anayeendelea na desturi hiyo kwa sababu "ndivyo bibi alivyotulea" hamuenzi bibi kwa chochote. Kuna mengi mengine ya kurithi: bibi alimbeba mtoto mgongoni akamsikia anapopandwa na joto, alimwimbia, alimpa hadithi kila usiku, hakumwacha alale na njaa wala na hasira. Hata daktari bingwa wa watoto hawezi kupata kosa hapo.

Uwezo huo wa kusikiliza umefanyiwa kazi kitaalamu. Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa Mbare, Harare, akawafundisha kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuongea na watu wenye sonona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliozungumza na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo, Benchi la Urafiki, umeshafika nchi nyingine, na Zanzibar ikiwemo.

Kama bado unaye

Msomaji ambaye bibi wa watoto wake yuko hai ana nafasi ambayo wengine wameikosa. Simu iliyo mkononi mwako inarekodi sauti. Jumapili moja mwachie azungumze: majina ya wazazi wake, alikozaliwa, alivyofika Dar es Salaam, nani alikufa kwa ugonjwa gani, wimbo aliokuwa akiwabembelezea. Usimkatize kwa sababu ameirudia hadithi.

Na mpeleke akapimwe. Shinikizo la damu kwa watu wengi halitoi dalili yoyote mpaka siku ya kiharusi. Kipimo kikirudia kusoma 140 kwa 90 au zaidi, anahitaji kuonwa na daktari, na dawa akipewa ni za kila siku, si za siku kichwa kinapouma. Bibi wengi huacha dawa kimyakimya hela ikipungua, kwa kuwa wameona unga wa uji wa mtoto ni muhimu zaidi. Muulize, na uangalie vidonge vilivyobaki. Mwangalie pia anavyopanda kitandani, anavyoona usiku, na kama bado anaweza kumbeba mtoto wa kilo 14 bila kushika ukuta. Hospitali na vituo vingi vya umma vina dirisha la wazee.

Kupima kwenyewe ni dakika chache. Kinachowashinda wengi ni swali ambalo hakuna dirisha linalolijibu: bibi akienda kliniki asubuhi ile, nani anabaki na mtoto? Bora familia itafute jibu la swali hilo Jumamosi hii, wakati yeye mwenyewe yupo kwenye kikao.